Bega Halina Spea

Nyuzi zikikatika, unakwenda dukani. Jeki ikilegea, fundi redio anaichomea waya na kazi inaendelea. Hata shingo ya gitaa ikipasuka, seremala mzuri ataiunga. Lakini bega likishapinda, zunguka Kariakoo yote, umalizie na Gikomba, hutapata duka linalouza jingine.

Ndiyo maana namkasirikia mpiga gitaa anayepanda jukwaani na chombo alichokiwekea akiba miaka mitatu, halafu kakining'iniza kwa mkanda wa begi la shule. Nimeona mengi. Nimeona mkanda wa usalama uliokatwa kwenye basi bovu. Nimeona kamba ya katani, imesukwa vizuri kabisa, inayofaa kumfungia mbuzi. Nimeona tai, tena tai ya sare ya bendi, imepigwa fundo huku na fundo kule. Mwenye gitaa anacheka, watazamaji wanacheka, bega peke yake ndilo halicheki. Mwongozo huu wa kutengeneza mkanda wa ngozi wenye mto begani nauandika kwa niaba ya bega.

Baba mdogo wangu alipiga besi kwenye bendi za dansi kwa zaidi ya miaka 20. Gitaa la besi lina uzito wa kilo 4 hadi 5, na wimbo wa dansi haumaliziki kwa dakika tatu. Anayezijua bendi za Msondo na Sikinde anaelewa: waimbaji wanaanza taratibu, wanasimulia kisa chao beti kwa beti, kisha linafika chemko, magitaa yanaachiwa na ukumbi unafurika. Wakati wa chemko mwimbaji anaweza kwenda kunywa maji. Mpiga solo anaweza kumwachia mwenzake, akapangusa mikono. Mpiga besi hana pa kwenda. Akinyamaza yeye, miguu yote ukumbini inajikwaa. Kwa hiyo baba mdogo alisimama na mzigo wake kuanzia saa 3 usiku hadi saa 9 alfajiri, na chini ya mkanda wake mwembamba alikunja taulo dogo la bluu ili usimkate. Taulo likiteleza alilivuta kwa kidevu, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Sisi watoto tulidhani ile ni staili ya besi, tukaiiga uani kwa vipande vya mbao. Leo bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia, na fundi anayemshonea kaunda suti analijua, huwa anamwongezea kitambaa upande ule bila kuulizwa.

Kabla ya kugusa kisu, basi, piga hesabu. Chukua besi ya kilo 4.5. Mkanda unalala juu ya bega kwa urefu wa sentimita 20 hivi, kutoka mbele ya mtulinga hadi nyuma ya bega. Mkanda wa begi wenye upana wa sentimita 3 unakishukia kila kipande cha sentimita moja ya mraba kwa gramu 75. Mkanda wa sentimita 5, gramu 45. Wa sentimita 7.5, gramu 30. Gitaa ni lilelile na bega ni lilelile. Na hapo hesabu imeuhurumia mkanda mwembamba, kwa sababu umeuchukulia kama unalala bapa. Kwa kweli haulali. Hupinduka ukasimama kwa ukingo wake mmoja, na hapo ndipo unapoona ule mstari mwekundu unapovua shati. Usipite sentimita 8 lakini. Mkanda mpana mno unapanda shingoni upande mmoja, na upande wa pili unaning'inia hewani nje ya bega, haubebi chochote.

Wapo wanaosema maumivu ni sehemu ya muziki. Wape ndoo yenye maji lita nne na nusu, waining'inize begani kwa kamba ya kiatu kwa saa sita, kisha waje tuongee muziki.

Sasa ngozi. Unahitaji za aina mbili, na watu wengi huharibu kazi hapa kwa kununua moja. Ya juu, inayobeba mzigo, iwe ya ng'ombe, iliyodabaghiwa kwa magome, unene milimita 2.5 hadi 3. Ngozi hii hukaa kwenye maji ya magome kwa wiki na wiki, na ndiyo maana ni ngumu, hainyumbuki ovyo, na inashika umbo unaloipa. Miti ya miwati inayolimwa Njombe ililetwa kutoka Australia na hupandwa kwa ajili ya hayo magome. Unapoona miwati njiani, ujue unapishana na mkanda wa gitaa ambao bado haujakutana na ng'ombe wake. Ngozi ya pili ni ya chini, inayogusa shati na jasho. Hii iwe laini, ya unene wa milimita moja au zaidi kidogo, iliyodabaghiwa kwa kromu. Kromu huchukua siku moja au mbili tu kiwandani, na ngozi yake inavumilia kulowa na kukauka kuliko ile ya magome, ambayo chumvi ya jasho huifanya ikakamae kama karatasi.

Namna ya kuzitofautisha: tazama ukingo uliokatwa. Ya magome ni kahawia moja kwa moja hadi ndani. Ya kromu mara nyingi katikati ina ukijivu wa kibuluu, hata kama juu imepakwa rangi nyeusi. Weka tone la maji: ya magome hulinyonya na kuweka weusi mara moja. Na muuzaji akikuapia kwamba hii ni orijino, bosi, mwombe kijipande cha pembeni ukichome. Ngozi hunuka nywele zilizoungua. Ikiyeyuka na kudondoka kama mfuko wa plastiki, mrudishie kijipande chake kwa adabu na uende meza ya pili.

Ukishapata ngozi, uliza ilikotoka kwenye mwili. Mkanda hukatwa mgongoni, sambamba na uti, kwa sababu huko ngozi haivutiki. Ya tumboni ni rahisi na inapendeza kuishika, lakini tumbo la ng'ombe limeumbwa kutanuka. Ndani ya mwezi gitaa lako litakuwa limeshuka kutoka kifuani hadi magotini bila wewe kugusa kitu. Igeuze kwenye mwanga utafute makovu ya kupe na mikwaruzo ya kisu cha mchinjaji upande wa nyama. Inaniuma kila ninapokuta alama ya moto imechomwa katikati ya ubavu, juu ya sehemu safi kuliko zote, wakati ng'ombe ana miguu minne ambayo ingeweza kubeba alama ile bila kumharibia mtu mkanda.

Kuhusu mto wenyewe: usitie sponji ya godoro. Narudia, kwa kuwa kila mtu hutia sponji ya godoro. Ukiibonyeza dukani inakupa raha sana, unaiona kama kitanda. Lakini sponji ile ina matundu yaliyo wazi; chini ya kilo nne hubonyea hadi mwisho, ukabaki na ngozi mbili zilizogusana, na jasho linaloingia humo halitoki. Baada ya mwezi mmoja wa kumbi za joto, harufu ya mkanda inaanza kutangulia kabla mpigaji hajafika. Tafuta sponji ngumu iliyofumbata, ile ambayo mafundi viatu huweka ndani ya raba, unene milimita 5 au 6. Ibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu zote: inayokataa kidogo, kisha ikarudi mahali pake taratibu, hiyo ndiyo. Kama unapoishi haipatikani, kuna kandambili. Sponji ya kandambili ni ya jamii hiyohiyo. Chagua zile laini, uichane kwa kisu kirefu ipate wembamba unaoutaka. Bega lako halitajua kwamba mto wake ulikuwa ukienda bafuni.

Vipimo huchukuliwa umesimama. Vaa gitaa hata kwa kamba, liweke pale vidole vya kushoto vinapofika kila mahali bila kifundo cha mkono kuvunjika, mwombe mtu apitishe uzi kutoka kitufe cha mbele cha kufungia mkanda, juu ya bega, kupitia mgongoni hadi kitufe cha nyuma. Kwa watu wazima wengi uzi huo huwa kati ya sentimita 100 na 130. Vijana hupenda gitaa lining'inie chini karibu na magoti, kama walivyoona kwenye video. Nawaomba wajaribu kupiga chemko la robo saa wakiwa hivyo, huku kifundo kimekunjwa kama shingo ya bata, halafu tupime upya.

Kata mwili wa mkanda urefu wa sentimita 90: upana 7.5 pale begani, ukipungua polepole hadi 4 upande wa nyuma ya gitaa. Kata ulimi wa sentimita 55 kwa upana wa 2.5, wa kurefushia na kufupishia. Ngozi laini ya chini ikatwe urefu wa sentimita 55 na upana uleule wa begani, na sponji sentimita 50 kwa 5. Usiifanye sponji ilingane na ngozi. Pembeni lazima zibaki ngozi mbili tupu zilizogusana, maana huko ndiko uzi utakakopita; ukishona juu ya sponji, uzi unazama, mshono unakunja uso, na kila shoo unazidi kuikata. Kingo za sponji zinyoe kwa mshazari kwa wembe ili zisiache ngazi.

Sasa tumefika kwenye hatua ambayo wengi wanaifanya mezani, na mezani si mahali pake. Ukibandika ngozi ya juu, sponji na ngozi ya chini zikiwa zimelala bapa, utapata kitu kizuri kama rula. Kiweke begani. Ngozi ya juu inapinda, ya chini inakosa nafasi, inajikusanya makunyanzi, na makunyanzi hayo ndiyo yatakayokusugua usiku kucha. Bega ni duara. Bandika kwenye duara. Mimi hutumia sufuria kubwa ya pilau iliyogeuzwa ubavu, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye sufuria. Paka gundi ya viatu pande zote mbili zinazokutana, dirisha likiwa wazi kwa sababu harufu yake si rafiki wa kichwa, subiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa isishike kidole. Laza ngozi ya juu kwenye sufuria, uso wake mzuri ukitazama nje. Na kwa kuwa unabandika upande wa ndani wa tao, tia alama, vua, kisha shika mkanda umepinda mikononi kama utakavyokuwa begani, ubandike sponji katikati, halafu ngozi laini ukianzia katikati kwenda pembeni. Utaona kwamba ngozi ya chini imezidi urefu kidogo mwishoni. Huo uliozidi ndio ungekuwa makunyanzi. Ukate kwa furaha.

Mshono sasa. Kwa rula na kalamu butu chora mstari milimita 5 kutoka ukingoni, kuzunguka mto wote. Tia alama za matundu kila milimita 4. Asiye na chombo cha kazi hiyo ajitengenezee kwa uma wa kulia chakula, akiukandamiza na kuurudisha jino la mwanzo kwenye alama ya mwisho. Matundu ya uma yataachana zaidi, lakini yatakuwa sawasawa, na usawa ndio unaopendeza. Ukitumia milimita 4 utapata matundu 300 hivi. Toboa kwa msharasi, wima, moja moja. Ndiyo, 300. Cherehani ya viatu ingemaliza kwa dakika chache, najua, na mafundi wengi wa cherehani ni watu wa heshima. Lakini mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizokumbatiana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mwenzake hana wa kumshika, na mshono unaweza kuachia mfululizo. Mshono wa mkono wa sindano mbili ni uzi mmoja wenye sindano kila mwisho, na sindano zote mbili hupita kila tundu, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Pingili moja ikikatika, uzi wa upande wa pili bado umelishika tundu lile. Ndivyo walivyoshonewa farasi matandiko yao kwa karne nyingi, na mpiga besi anabeba kwa saa nyingi kuliko farasi wengi.

Uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono, kwa hiyo kwa mto huu ni karibu mita 5. Ni mrefu na utakusumbua. Gawanya mara mbili. Upake nta ya nyuki mpaka unate. Kila pingili vuta pande zote mbili kwa nguvu ileile, na sindano ya kulia siku zote itangulie, au siku zote ifuate, chagua moja usibadilishe. Ukibadilisha, mshono utapinda njiani na kila atakayeuangalia ataiona pingili uliyozungumza na simu. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata, yeyusha ncha kama uzi ni wa nailoni.

Kingo: msasa, maji kidogo, sugua kwa mti laini mpaka zing'ae. Zimetosha.

Matundu ya vitufe yanastahili muda zaidi, kwa kuwa hapa ndipo gitaa huanguka. Tundu la duara milimita 8 hutosha vitufe vingi, na kutoka tundu hadi ncha ya mkanda acha si chini ya sentimita 2 za ngozi nene, milimita 3 kamili. Halafu chana mpasuo mfupi ili kichwa cha kitufe kipite. Mpasuo huo uelekee katikati ya mkanda. Mkanda unapobeba, kitufe hukaa upande wa ncha. Ukichana kuelekea ncha umekifungulia mlango wa kutokea, na kitautumia katikati ya wimbo, mbele ya wakwe wa bwana harusi. Mwisho wa mpasuo toboa kitundu kidogo ili usiendelee kuchanika. Kwa usalama zaidi, kata duara la upana wa sentimita 2 kwenye tyubu ya baiskeli, toboa katikati, ulivishe juu ya kitufe baada ya mkanda. Mpira huo usiuache ukilala juu ya mwili wa gitaa la zamani: rangi ya nitro iliyopakwa kwenye magitaa mengi ya Gibson na Fender ya enzi hizo hulainika na kuharibika inapokaa na mpira.

Ulimi nao: uchane mipasuo kila sentimita 4 katikati yake, na mbele ya mwili wa mkanda toboa njia mbili bapa zinazofuatana. Ncha ya ulimi inapita njia ya kwanza kutoka chini, inachomekwa kwenye mpasuo wake mmojawapo, kisha inarudi chini kupitia njia ya pili. Mzigo ukivuta, inajikaza yenyewe. Bizimu la chuma sitaki, linakwaruza mgongo wa gitaa.

Kuna swali ambalo wateja huniuliza kwanza, na mimi hulijibu mwisho: je, nitawaandikia jina? Nitawaandikia. Nitachora hata simba, hata mnazi na mwezi mchanga, ngozi ya magome inapokea nakshi vizuri sana ikiwa na unyevu. Lakini mchoro ufanywe kabla ya gundi, na pesa ya mchoro isitoke kwenye pesa ya sponji. Nimeshika mikanda yenye majina makubwa mbele na kadi ya boksi ndani. Na kama umeupaka mkanda rangi, usugue mara 20 kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kabla mtu hajauvaa. Kitambaa kikitoka na rangi, rudia kusugua na kupaka nta mpaka kiache. Sare nyeupe ya bendi isiwe ndiyo kitambaa chako cha majaribio. Mafuta ya kupikia usipake, yanachacha ndani ya ngozi.

Mkanda wa baba mdogo ulinichukua jioni nne. Nilimpelekea mazoezini, siku ya Alhamisi, yeye siku hizi hupiga harusini tu. Nilimwamkia, akaupokea, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mto kama anayepima embe. Hakusema neno. Aliuvaa, akasogeza gitaa juu kidogo, akarudisha chini kidogo. Kisha wakaanza wimbo, ukaenda taratibu, ukafika chemko, na chemko lile mpiga ngoma alilivuta makusudi maana alikuwa ananitazama mimi. Baba mdogo alimaliza akiwa amesimama wima. Ndipo alipoliona taulo la bluu, bado limekunjwa juu ya spika alikoliweka tangu mwanzo.

"Mwanangu," akaniambia, "na hili nilifanyie nini sasa?"

"Jifute jasho, baba mdogo."

Akalikunjua, akajifuta uso wote mpaka kisogoni, akalirusha tena juu ya spika. Akamgeukia mpiga ngoma. "Turudie chemko," akasema.